Chipsi za mtaani: kutoka dalili kwenye sahani hadi chanzo chake kwenye karai

Sahani ya chipsi ikitua mezani, mkono hukimbilia chupa ya tomato. Nakuomba uuzuie kwa dakika moja. Ukishamwaga tomato, pilipili na kachumbari juu, ushahidi umepotea, na utakachoweza kusema baadaye ni "leo hazikuwa nzuri" tu. Neno hilo halimsaidii mkaangaji. Mwambie "nje zimeiva, ndani bado", au "zina utamu wa sukari", au "mafuta yametuama chini ya sahani", na hapo atajua pa kuanzia.

Nimekula chipsi za mgahawa mmoja wa jirani hapa Dar es Salaam kwa miaka sita, karibu kila Ijumaa: chipsi kavu na mishikaki miwili. Mwaka jana, masika yakiwa yamepamba moto, chipsi zile ziliharibika. Zilikuja zimelegea, zina madoa ya kahawia, ndani majimaji. Wiki tatu mfululizo nililaumu mafuta, na siku moja nilimwambia hivyo kijana anayekaanga, mbele ya wateja. Nilikosea, na bado naona aibu kwa namna nilivyolisema. Tangu hapo nimejifunza kuifuata dalili mpaka inakotoka kabla sijamtaja mkosaji.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, toa chipsi tatu: moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini kabisa. Shika kila moja kwenye ncha. Chipsi nzuri hubaki imenyooka au huinama kidogo tu. Ivunje. Ganda linapaswa kusikika likikatika, na ndani pawe peupe, pa ungaunga kama kiazi cha kuchemsha kilichopondwa, huku mvuke ukitoka. Ibonyeze kwenye tishu uone imeacha mafuta kiasi gani. Halafu itafune bila kuichovya popote. Ile ya chini ndiyo yenye habari nyingi, maana imebeba mafuta na mvuke wa wenzake wote.

Zimelegea, zinaning'inia kama kamba

Hili ndilo lalamiko la wengi, na ndilo lenye vyanzo vingi kuliko yote. Jiulize kwanza: zimelegea lini?

Kama ulizibeba kwenda nyumbani, huenda mkaangaji hana kosa lolote. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na hata kikishakaangwa bado kina maji mengi ndani. Maji hayo huendelea kutoka kama mvuke. Ukizifunga chipsi kwenye foili au boksi lenye kifuniko, mvuke unagonga juu, unageuka matone, na ganda linayanyonya. Dakika kumi za bodaboda zinatosha kuua kazi nzuri ya robo saa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019, wengi wamehamia kwenye mifuko ya karatasi ya kaki, na kwa chipsi hilo ni jambo jema, kwa kuwa karatasi hupitisha mvuke kiasi. Omba mdomo wa mfuko uachwe wazi. Na kachumbari ifungwe peke yake: nyanya na vitunguu vikikutana na chumvi hutoa maji, na kachumbari iliyomwagwa juu ya chipsi za moto huzilowesha kabla hujafika kona ya pili.

Kama umekula palepale, tazama kabati la kioo. Chipsi zilizokaangwa saa kumi alasiri na kukaa chini ya balbu hadi saa mbili usiku hupoteza ganda hata kama zinahisi joto. Maji ya katikati huhamia nje polepole. Dalili yake ni hii: chipsi imelegea lakini haina mafuta mengi, na ndani imeshikana, inanata kidogo kwenye meno. Zikirudishwa kwenye mafuta ya moto kwa dakika moja au mbili huwa zinaamka, kwa hiyo hakuna ubaya kumwambia, "Kaka, naomba unirudishie kidogo kwenye moto."

Hapa nina neno la kutetea kabati. Wengi wetu tukiona chipsi zimekaangwa mapema tunakunja uso. Lakini Ubelgiji, ambako chipsi ni chakula cha heshima, kukaanga mara mbili ndiyo kanuni. Mara ya kwanza ni kwenye mafuta ya nyuzi joto 150 hivi, mpaka kiazi kiive bila kupata rangi. Kinatolewa, kinapumzika, kinapoa. Mteja akifika kinarudi kwenye mafuta ya nyuzi 180 kwa dakika chache, na hapo ndipo ganda linapojengeka. Kabati la mtaani lingeweza kufanya kazi hiyohiyo ya mapumziko. Kinachoharibu ni kuzikaanga mpaka rangi kamili mchana, halafu usiku kuzipasha tu. Mzunguko wa kwanza ukiishia kwenye weupe, wa pili unakuwa na kazi ya kufanya.

Kama zimetoka kwenye karai mbele ya macho yako na bado zimelegea, wamebaki watuhumiwa wawili: mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, au kiazi chenyewe kina maji mengi. Tishu ndiyo hakimu. Tishu ikilowa mafuta, angalia moto. Tishu ikiwa safi kiasi lakini ndani ya chipsi pana majimaji, angalia gunia.

Mafuta yanatuama chini ya sahani

Tunasema chipsi "zimekunywa mafuta" kana kwamba zilikunywa zikiwa ndani ya karai. Sehemu kubwa haiingii wakati huo. Zikiwa kwenye mafuta ya moto, maji ya kiazi yanachemka na kutoka kwa nguvu kama mvuke. Yale mapovu unayoyaona ndiyo huo mvuke, na unayazuia mafuta kuingia. Chipsi ikitolewa inaanza kupoa, mvuke uliobaki ndani unasinyaa, na nafasi ile inayavuta mafuta yaliyobaki kwenye uso wake. Kwa hiyo sekunde za kwanza baada ya kutoka kwenye karai ndizo zinazoamua. Mkaangaji anayeinua chujio, akalitikisa kwa nguvu mara tano sita juu ya karai likiwa bado linafoka, anakuondolea mafuta mengi. Anayezimwaga moja kwa moja kwenye bakuli, zikarundikana, anakulisha mafuta hayo yote.

Halafu kuna suala la moto. Saa moja usiku foleni ikiwa ndefu, karai hujazwa mpaka viazi vinachungulia. Viazi baridi vilivyolowa hushusha joto la mafuta kwa ghafla, na jiko la mkaa haliwezi kulirudisha haraka kama gesi. Mapovu yanakuwa madogo na ya kivivu, ganda linachelewa, na uso wa kiazi unabaki na vinyweleo vilivyo wazi. Huhitaji kipimajoto kulijua hili. Kipande kimoja kikitupwa kwenye mafuta kikazama na kukaa kimya, bado. Kikiibuka mara moja kikizungukwa na mapovu makali, tayari. Mafuta yakitoa moshi, moto umezidi.

Umbo nalo linachangia. Chipsi nyembamba zina uso mwingi ukilinganisha na kiazi kilicho ndani, kwa hiyo hubeba mafuta zaidi kwa uzito uleule. Za unene wa kidole kidogo huvumilia makosa mengi zaidi ya mpishi.

Nje zimeungua, ndani mbichi

Hii ni rahisi: moto mkali mno, au vipande vinene mno, au vyote viwili. Vipande visivyolingana pia huleta mchanganyiko wa mbichi na zilizoungua kwenye sahani moja. Ukikuta ncha nyeusi nyembamba na vitako vibichi, kisu ndicho chenye makosa.

Nje za kahawia iliyokolea, ndani zimeiva, na zina utamu wa sukari

Dalili hii hufanana na ile iliyotangulia kwa rangi, ila chanzo chake ni kingine kabisa. Onja. Kama kuna utamu kwa mbali, na rangi ya kahawia imekuja haraka au kwa madoa, kiazi kilikuwa na sukari nyingi kabla hakijamenywa. Wanga wa kiazi hugeuka sukari kikihifadhiwa kwenye baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ndiyo maana viazi vya chipsi havikai kwenye friji. Kiazi kilichovunwa kabla ya kukomaa nacho huwa na sukari zaidi na wanga pungufu. Sukari hiyo ikikutana na moto wa mafuta pamoja na viini vya protini vilivyo ndani ya kiazi, rangi inakolea upesi kuliko uivaji.

Hili si suala la urembo peke yake. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali hutengeneza akrilamidi, kemikali inayohofiwa kusababisha saratani, na kadiri chipsi zinavyozidi kuwa za kahawia ndivyo inavyoongezeka. Rangi ya dhahabu ndiyo mwisho mzuri. Mkaangaji anaweza kupunguza tatizo kwa kuloweka vipande kwenye maji kwa nusu saa, kumwaga maji hayo, kusuuza, kisha kuvikausha kwa kitambaa safi kabla ya karai. Maji huondoa sehemu ya sukari na wanga wa juu, ule unaofanya vipande vishikane. Asiviloweke usiku kucha kwenye ndoo moja na joto letu hili, maana asubuhi maji yatakuwa yanatoa harufu ya kuchacha na chipsi zitakuwa nayo.

Uchungu kwenye ulimi

Kwanza tafuta kijani. Kiazi kilichokaa kwenye mwanga, sokoni juani au kwenye kibanda kisicho na kivuli, hufanya rangi ya kijani chini ya ganda, na sambamba nayo hujijengea solanini. Ni sumu, ni chungu, na kukaanga hakuiondoi. Ukikuta chipsi yenye mstari wa kijani pembeni, iache. Usiitie tomato ukaendelea. Mwambie mkaangaji amenye kwa kina sehemu hiyo yote na machipukizi, na kiazi kilichogeuka kijani sehemu kubwa akitupe. Gunia lifunikwe, likae gizani penye hewa. Najua gunia ni pesa nyingi na kutupa kunauma, lakini kwenye jambo hili sina ulegevu.

Uchungu bila kijani, wenye ladha ya moshi, hutoka kwenye mafuta yaliyochoka au mabaki meusi yanayoelea ndani yake.

Harufu isiyo ya kiazi

Zikinuka samaki, karai limekaangiwa samaki. Hakuna fumbo hapo. Zikinuka mafuta ya taa, angalia jiko au chombo kilichobebea mafuta.

Mafuta yaliyochoka yana tabia zake: ni meusi, mazito, yanatoa povu dogodogo lisilokatika hata viazi vikiisha kutolewa, na yanafuka moshi kwenye joto ambalo mwanzoni hayakufuka. Yanaacha utando kwenye kaakaa. Vitu vinavyoyachosha haraka ni maji, chumvi na makombo. Kwa hiyo viazi visivyokaushwa, chumvi inayonyunyizwa juu ya karai badala ya juu ya sinia, na makombo yasiyochujwa jioni vyote vinafupisha maisha yake. Aina ya mafuta nayo inahusika. Mafuta ya alizeti, yale ya Singida tunayoyapenda, yana ladha nzuri lakini huharibika mapema zaidi yakichemshwa siku nzima. Ya mawese yaliyosafishwa huvumilia zaidi. Kuongeza mafuta mapya juu ya yaliyokufa hakuyafufui. Mapya ndiyo yanayoharibika.

Nisipogusia mafuta ya transfoma mtaniuliza. Mashirika ya umeme Tanzania na Kenya yamelalamikia wizi wa mafuta hayo, na mazungumzo kwamba baadhi huishia kwenye makarai ni ya miaka mingi. Hayo ni mafuta ya madini yaliyotengenezwa kupoza mitambo ya umeme, hayana uhusiano wowote na chakula, na hayatambuliki kwa kuyatazama. Kinga ni kula mahali unapoona mafuta yakimiminwa kutoka kwenye dumu lenye lebo, na mahali ambapo ukiuliza "mnatumia mafuta gani?" unajibiwa bila kukwepa. Mgahawa wangu huliacha dumu wazi pembeni ya jiko, na hilo lilinifanya niurudie hata zile wiki mbaya.

Ngumu, zinachoma fizi

Zimekaangwa zaidi ya mara mbili, au vipande ni vyembamba mno. Maji yote yametoka, limebaki ganda. Hakuna dawa kwa sahani hiyo, iliyobaki ni kuzikataa kwa upole.

Chumvi imebaki kwenye sinia

Chumvi hushika chipsi zikiwa bado zina utando wa mafuta ya moto. Ikitiwa baada ya kupoa, inaporomoka. Chumvi laini hushika kuliko ya mawe.

Zege limemomonyoka

Chipsi mayai, yaani zege, ina matatizo yake, nayo nayapa uzito kwa sababu ndiyo chakula cha jioni cha watu wengi kuliko chipsi kavu. Zege zuri linageuzwa kama kipande kimoja, mayai yameshika chipsi bila kukauka. Likimomonyoka, mara nyingi mayai ni machache kwa chipsi zilizopo. Mayai mawili hayabebi chipsi za kushiba watu wawili. Likitoa maji, chipsi zilikuwa za kabatini, zimelegea tayari, au vitunguu na hoho viliwekwa vibichi pamoja na yai vikatoa maji humohumo. Likiwa kavu, lenye kingo za kahawia kama karatasi, moto ulikuwa mkali na kikaango hakikufunikwa. Wapishi wazuri niliowaona hupasha chipsi kwanza kwenye kikaango mpaka zilie, hushusha moto, ndipo humimina mayai, hufunika kidogo, na hugeuza mara moja tu.

Gunia lenyewe

Narudi kwenye Ijumaa zangu tatu. Tishu yangu ilikuwa karibu safi, ndani ya chipsi palikuwa majimaji, rangi ilikuja kwa madoa, na kulikuwa na utamu. Ukisoma yote hayo pamoja, hakuna linaloelekeza kwenye mafuta. Kijana alikuwa ameniambia tangu siku ile niliyomlaumu, "Dada, mafuta ni yaleyale, gunia ndilo limebadilika," na sikumsikiliza.

Viazi vyetu vingi vya Dar hushuka kutoka Nyanda za Juu Kusini: Njombe, Makete, Mbeya, Iringa. Vingine huja kutoka Lushoto na Arusha. Havifanani. Kuna aina ya Kikondo ya miaka mingi, kuna ile ambayo wachuuzi huiita Obama, na sokoni mara nyingi huchanganywa kwenye lumbesa moja. Nairobi nao hukaanga zaidi Shangi, kiazi kinachoiva haraka ila huchipua upesi sana baada ya kuvunwa, kwa hiyo hakisubiri. Tofauti hizi ni kubwa kiasi kwamba Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa chipsi kwa sababu shehena ya kutoka nje ilichelewa, huku wakulima wa humo wakiwa na viazi shambani; kampuni ilisema viazi lazima vipite kwanza kwenye ukaguzi wake wa ubora. Wakenya wengi walikasirika, na niliielewa hasira yao.

Kinachotafutwa kwenye kiazi cha chipsi ni wanga mwingi na maji kidogo, walau sehemu moja ya tano iwe kitu kikavu. Kiazi kilichovunwa mapema mno hakifiki hapo. Utakijua kwa ganda: likichubuka kwa kusuguliwa na kidole gumba tu, hakijakomaa.

Kuna kipimo kingine, nacho ndicho nilichompelekea yule kijana Jumamosi asubuhi pamoja na samahani yangu. Changanya kikombe kimoja cha chumvi na vikombe kumi na moja vya maji, koroga mpaka iyeyuke, tumbukiza viazi vizima vilivyooshwa. Vyenye wanga mwingi huzama, vyenye maji mengi huelea. Tulichukua viazi ishirini kutoka kwenye gunia lile. Kumi na vinne vilielea.

Mama mwenye mgahawa alikuja kutazama, akasimama kimya juu ya ndoo, akaagiza vinavyoelea vitengwe kwa ajili ya mchuzi wa nyama, maana kwenye mchuzi havivunjiki. Vile sita vilivyozama kijana alivimenya, akavikata unene wa kidole kidogo, akaviloweka, akavikausha kwa kanga safi, akakaanga kwa mafuta yaleyale niliyokuwa nimeyatukana. Alipoinua chujio alilitikisa muda mrefu kuliko kawaida, akiniangalia. Nilitoa moja ya juu, moja ya katikati na moja ya chini. Zote tatu zilikatika.